Miaka Mitatu Wodini: Jinsi Daktari wa Utengamao Alivyopatikana

Vita Vikuu vya Kwanza na vya Pili viliiachia Marekani mzigo wa aina moja: vijana waliokatwa miguu, waliopooza, waliovunjika mifupa ikaunga vibaya. Baada ya vita vya kwanza, madaktari waliowahudumia walirudi kila mmoja kwenye kazi yake ya zamani, na fani nzima ikasinyaa. Baada ya vita vya pili fani hiyo hiyo ilisimama, ikapata bodi yake ya mitihani, wodi zake na wanafunzi wake, na tangu hapo haijaanguka. Wengi husimulia historia ya tiba ya utengamao kama zao la vita. Simulizi hiyo inakwama mahali pamoja. Kama vita pekee vingetosha kumzaa daktari wa utengamao, angezaliwa mwaka 1918. Kilichokuwapo mara ya pili, na kukosekana mara ya kwanza, ni utaratibu wa kumfundisha daktari kijana kwa miaka kadhaa, kando ya kitanda cha mgonjwa ambaye jeraha lake limeshafunga lakini maisha yake bado hayajarudi.

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, jeshi liliunda kitengo cha hospitali maalumu za kuwajenga upya majeruhi. Kazi yenyewe, ya kukanda misuli, kunyoosha viungo na kumfundisha mtu kutembea tena, iliangukia mikononi mwa wanawake waliopewa mafunzo ya haraka. Mary McMillan, aliyeisomea kazi hiyo Uingereza, aliongoza mafunzo makubwa ya aina hiyo katika chuo cha Reed mjini Portland, jimbo la Oregon. Amani ilipokuja hospitali zilipunguzwa, lakini wanawake hawa hawakutawanyika. Januari 1921 waliunda chama chao, McMillan akawa rais wa kwanza, na shule za fiziotherapia zikaendelea kutoa watu mwaka baada ya mwaka. Madaktari waliokuwa wakuu wao jeshini walifuata njia nyingine kabisa. Hawakuwa na shule, hawakuwa na mtihani, hawakuwa na mtu wa kumrithisha ujuzi. Waliobaki na hamu ya fani walijibanza kwa wenzao wa eksirei, na chama kilichoundwa mwaka 1923 kiliwaweka pamoja kana kwamba ni watu wa kazi moja. John Stanley Coulter, aliyeanza kufundisha fani hii katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, mwaka 1926, alikuwa mmoja wa wachache sana walioishika kama kazi ya maisha. Vita vilikuwa vile vile, majeruhi walikuwa wale wale, na hospitali zilikuwa zile zile. Waliokuwa na shule walidumu. Wasiokuwa nayo walitoweka.

Kulikuwa na sababu nyingine ya fani hii kudharauliwa na madaktari wenyewe. Katika miaka ya 1920 soko lilijaa taa, mikanda ya umeme na mashine za kila namna, na wauzaji wake waliahidi kuponya chochote. Chama cha Madaktari cha Marekani kililazimika kuunda baraza la kuchunguza vifaa hivyo mwaka 1925. Daktari aliyetumia maji, joto, mwanga na umeme kutibu alitazamwa kama jirani wa matapeli, hata kama kazi yake ilikuwa safi. Mtu aliyeona kwamba heshima ingepatikana kwa mafunzo, wala si kwa matangazo, alikuwa Frank Krusen, mzaliwa wa Philadelphia. Akiwa daktari kijana aliugua kifua kikuu, akalazwa muda mrefu, na huko akaona jinsi watu wanavyodhoofu kwa kulala tu, hata baada ya ugonjwa kutulia. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alianzisha idara ya tiba ya viungo katika Chuo Kikuu cha Temple. Mwaka 1935 alihamia Mayo Clinic, mjini Rochester, Minnesota, na mwaka uliofuata akafungua mafunzo ya ubingwa ya miaka mitatu, ya kwanza ya aina yake nchini humo.

Miaka hiyo mitatu inastahili kutazamwa kwa makini, maana wakati huo daktari angeweza kununua mashine asubuhi na kujiita mtaalamu jioni. Krusen alidai mwanafunzi wake ajue fizikia ya joto na ya mkondo wa umeme, ajue kila msuli na neva inayouendesha, na aone wagonjwa wa kutosha mpaka atofautishe tiba inayofaa na ile inayompendeza mgonjwa tu. Kitabu chake cha mwaka 1941 kilikusanya elimu hiyo mahali pamoja. Mwaka 1938 madaktari wa fani walikuwa wameunda jumuiya yao, ndogo na yenye masharti makali ya kuingia. Kwa hiyo Japani iliposhambulia Pearl Harbor mwishoni mwa 1941, tayari kulikuwa na mahali ambapo mtu angeweza kusomea kazi hii, na watu wachache waliokwisha kuisomea. Mwaka 1917 mahali hapo hapakuwapo.

Kisha zikaja fedha. Bernard Baruch, tajiri na mshauri wa marais, alikuwa mtoto wa daktari Simon Baruch, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kutetea tiba ya maji. Mwaka 1943 Baruch alianzisha kamati ya tiba ya viungo, Krusen akawa mkurugenzi wake, na mwaka 1944 akatoa dola milioni 1.1. Kiasi hicho kilikuwa kikubwa, lakini kinachonivutia zaidi ni mahali kilipoelekezwa. Kamati ingeweza kujenga hospitali moja ya fahari na kuiwekea jina la mfadhili. Badala yake sehemu kubwa ilikwenda kwenye vyuo, hasa Columbia, New York University na Chuo cha Tiba cha Virginia, kwa ajili ya nafasi za walimu, utafiti na ufadhili wa madaktari waliotaka kusomea ubingwa. Kamati ilitambua kwamba upungufu mkubwa ulikuwa wa watu wa kufundisha. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1947, bodi ya mitihani ya ubingwa ilitambuliwa rasmi, na mwaka 1949 utengamao ukaongezwa kwenye jina lake.

Nyongeza hiyo ilificha mvutano mkubwa. Howard Rusk alikuwa daktari wa magonjwa ya ndani mjini St. Louis kabla ya kuingia Jeshi la Anga mwaka 1942. Katika kambi ya Jefferson Barracks, Missouri, aliwakuta askari waliopona nusu wakiwa wamekaa bure wodini, au wakirudishwa haraka kwenye mazoezi makali na kuugua upya. Alianzisha masomo na mazoezi wodini kuanzia siku za mwanzo za kupona, na jeshi likaupokea mpango huo na kuueneza. Baada ya vita alikwenda New York University, akapata wodi katika hospitali ya Bellevue, na mwaka 1951 taasisi yake ikafungua jengo lake. Rusk hakuwa mtu wa mashine. Swali lake kwa mgonjwa lilihusu kazi, nyumba, ndoa na nauli ya basi. Wafuasi wa Krusen waliogopa kwamba maneno ya namna hiyo yangeirudisha fani kwenye huruma isiyo na sayansi. Wafuasi wa Rusk nao waliona kwamba kupima mkondo wa umeme kwenye neva hakumpandishi mtu ngazi za nyumba yake. Naamini kila upande ulikuwa na haki nusu, na kwamba bahati ya fani hii ni kuwa mvutano huo uliingizwa ndani ya mafunzo badala ya kuachwa uigawe. Daktari aliyesomea ubingwa alilazimika kupita pande zote mbili. Mpaka leo, katika mafunzo ya Marekani ya miaka minne, mwaka wa kwanza ukiwa wa tiba ya jumla, anatakiwa kushiriki takriban uchunguzi 200 wa umeme wa misuli na neva, na pia kubeba dhamana ya wagonjwa waliolazwa kwa muda usiopungua mwaka mmoja.

Mafundisho ya wodi ndiyo kiini cha hoja yangu. Chukua mgonjwa aliyevunjika uti wa mgongo. Inakadiriwa kwamba katika Vita vya Kwanza wanane kati ya kumi wa aina yake walikufa, wengi kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo. Ludwig Guttmann, daktari wa upasuaji wa neva aliyekimbia utawala wa Hitler, alifungua kituo chake Stoke Mandeville, Uingereza, tarehe 1 Februari 1944, na akapigana na vifo hivyo kwa mambo ambayo daktari wa kawaida angeyaona madogo: kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na kumtoa mkojo kwa usafi usio na mzaha. Kazi ya kuingiza na kutoa mpira wa mkojo aliwapa madaktari wenyewe, hakuwaachia wasaidizi. Wapo watakaouona uamuzi huo kama upotevu wa muda wa msomi. Mimi nauona kama mtaala. Daktari aliyeamka usiku kwa ajili ya kibofu cha mgonjwa mmoja hujifunza kwamba uhai wa mtu huyo unategemea jambo ambalo halimo kwenye orodha ya upasuaji, na hawezi kulisahau tena anapokuwa bingwa na kuandika maagizo kwa wengine.

New York nayo ilichangia kwa njia yake. George Deaver, aliyefanya kazi pamoja na Rusk, alikuwa amekwisha kuorodhesha mambo ambayo maisha ya kila siku humdai mtu: kugeuka kitandani, kukaa, kuvaa, kula, kuingia chooni, kupanda basi. Mwaka 1945 alichapisha pamoja na Mary Eleanor Brown utafiti juu ya madai hayo. Miaka 20 baadaye, huko Maryland, Florence Mahoney na Dorothea Barthel walitoa kipimo cha mambo kumi chenye alama kuanzia 0 hadi 100, na bado kinatumika katika wodi za kiharusi duniani kote. Kwa daktari kijana aliyezoea kuandika jina la ugonjwa juu ya faili na kuona kazi imekwisha, kipimo hiki kilikuwa mapinduzi ya fikra. Wagonjwa wawili wenye kiharusi cha aina moja wanaweza kuwa na alama 30 na 85, na jina la ugonjwa halikwambii nani kati yao atarudi shambani. Kisha kulikuwa na kikao cha kila wiki, ambapo muuguzi, mtaalamu wa fiziotherapia, mtaalamu wa tiba kazi, fundi wa viungo bandia, mtaalamu wa usemi na afisa ustawi wa jamii walizungumza juu ya mgonjwa mmoja mmoja. Humo daktari anayesomea ubingwa alikuwa mara nyingi ndiye ajuaye kidogo kuliko wote. Muuguzi alijua mgonjwa analia usiku. Afisa ustawi alijua nyumba yake ina ngazi na mkewe ameondoka. Daktari alijifunza kusikiliza kwanza, kisha kuamua, kwa kuwa dhamana ya uamuzi ilibaki kwake. Hakuna mhadhara unaoweza kufundisha hayo kwa wiki mbili, na ndiyo maana miaka ikawa mitatu.

Atasema mtu kwamba nazikuza shule na kuisahau penisilini. Ni kweli kwamba bila sulfa na penisilini wengi wa waliopooza wangekufa kabla ya kufika kwenye wodi yoyote ya utengamao, na hilo silipunguzi. Lakini dawa ilileta tu watu walio hai. Haikuleta mtu wa kujua la kufanya nao. Ushahidi ulio bora ni wa polio. Mwaka 1952 Marekani ilipata karibu wagonjwa 58,000 wa polio, na wodi za utengamao zilijaa watoto. Chanjo ya Salk ikaja mwaka 1955, na baada ya miaka michache chemchemi hiyo ya wagonjwa ikakauka. Kama fani ingekuwa kivuli cha maradhi, ingekufa pamoja nayo. Haikufa, kwa sababu mwaka 1954 Bunge lilikuwa limepitisha sheria, iliyosukumwa na Mary Switzer, mkuu wa ofisi ya serikali ya utengamao wa kikazi, ambayo iliruhusu fedha za umma kulipia mafunzo na utafiti. Mwaka 1962 vituo vya utafiti na mafunzo vilianza kufunguliwa, vya kwanza vikiwa New York na Minnesota. Madaktari waliokwisha kujifunza kumtazama mtoto wa polio walihamisha ujuzi huo kwa mzee wa kiharusi na kijana wa ajali ya gari. Uingereza inatoa ushahidi wa upande wa pili. Ilikuwa na Guttmann, ambaye mfano wake ulifuatwa duniani kote, ilikuwa na michezo aliyoianzisha mwaka 1948 iliyokuja kuwa Paralimpiki, na madaktari kutoka nchi nyingi walikwenda kujifunza kwake. Hata hivyo, nje ya majeraha ya uti wa mgongo, fani ya jumla ya utengamao ilibaki ndogo kwa miongo, ikiegemea wataalamu wa baridi yabisi, na jumuiya ya madaktari wa ulemavu iliundwa mwaka 1984 tu. Kipaji cha mtu mmoja hakikuziba pengo la utaratibu.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la wataalamu wa fiziotherapia, nami nalichukulia kwa uzito wake wote. Wao walikuwa na shule kabla ya daktari. Wao ndio waliobaki na kazi wakati madaktari wameiacha. Kisha, katika miaka ya 1930, vyama vya madaktari vikaanzisha daftari la kuwasajili, vikawaita mafundi, na kuwataka wafanye kazi kwa maagizo ya daktari, ambaye mara nyingi alijua kidogo kuliko wao. Huo ulikuwa unyang'anyi wa heshima, na wanawake waliotendewa hivyo walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini tuangalie vizuri dawa ya dhuluma hiyo ilikuwa nini. Daktari asiye na mafunzo ndiye aliyekuwa mkuu mbaya, kwa kuwa aliandika "mazoezi" kwenye karatasi na kuondoka. Daktari aliyekaa miaka mitatu katika kikao kile cha kila wiki anajua mipaka yake, na anajua pia kazi ambayo hakuna mwingine wa kuifanya: kutambua kwamba homa ya mgonjwa aliyepooza inatoka kwenye figo, kuamua kama misuli iliyokakamaa ichomwe sindano au ifanyiwe upasuaji, kugundua uvimbe wa ubongo kwa mtu aliyedhaniwa kuwa mvivu wa mazoezi. Anayetaka wataalamu wa fiziotherapia waheshimiwe ana sababu zote za kutaka madaktari wanaofanya nao kazi wafundishwe vizuri zaidi.

Hatari iliyopo sasa huko Marekani inatoka kwingine, na inagusa mzizi wenyewe. Tangu mwaka 2002 bima ya serikali kwa wazee hulipa hospitali za utengamao kiasi kilichopangwa mapema kwa kila mgonjwa, na wastani wa kulazwa kwa wagonjwa wake umeshuka hadi chini ya wiki mbili. Daktari anayesomea ubingwa anampokea mgonjwa Jumatatu na kuanza kuandika barua ya kumruhusu wiki ileile. Anajifunza mwanzo wa hadithi nyingi, na mwisho wa chache sana. Vipindi vya kliniki ya nje vimeongezwa ili kufidia, na ni vema, lakini kumwona mtu kila baada ya miezi mitatu hakumpi daktari kile alichokipata yule aliyemwona akijifunza kukaa, kisha kusimama, kisha kugombana na mkewe kuhusu kurudi kazini. Fani iliyojengwa juu ya muda haiwezi kuukata muda huo bila kupoteza kitu.

Kwetu Afrika Mashariki historia ilianzia kwa fundi na mtaalamu wa mazoezi, kama ilivyoanzia Marekani mwaka 1917. Katika miaka ya 1960 Ronald Huckstep, profesa wa upasuaji wa mifupa Makerere, aliendesha kliniki ya polio katika hospitali ya Mulago, ambako vyuma vya miguu vilitengenezwa kwa bei nafuu na kwa vifaa vilivyopatikana hapa hapa, na mwongozo wake wa mwaka 1975 ulisomwa katika nchi nyingi maskini. Mwaka 1981 Moshi ilipata TATCOT, chuo kilichokuja kufundisha mafundi sanifu wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Ni kazi ya kujivunia. Kuna watakaosema kwamba inatosha, kwamba daktari bingwa wa utengamao ni anasa kwa nchi ambayo bado inahesabu wakunga wake. Ningekubali kama wagonjwa wangekuwa wachache. Lakini utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2020 ulikadiria kwamba watu bilioni 2.41 duniani wana hali ambayo ingenufaika na utengamao, na ajali za bodaboda, kisukari na shinikizo la damu vinatuongezea wetu kila siku. Huckstep mwenyewe alikuwa daktari wa upasuaji aliyeibeba kazi hii juu ya kazi nyingine. Mtu wa namna hiyo akiondoka, kazi hudhoofu, kama ilivyodhoofu Marekani baada ya 1918, isipokuwa ameacha nyuma nafasi ya mwalimu na mpango wa kumfundisha anayefuata.

Ombi langu kwa wanaopanga mitaala ya ubingwa Muhimbili, Moshi, Nairobi na Makerere ni mahususi. Msianze na mashine. Anzeni na wodi moja ambayo mgonjwa anaweza kukaa mpaka aweze kwenda nyumbani, mwalimu mmoja mwenye ajira ya kudumu, na kikao kimoja cha kila wiki ambacho mtaalamu wa fiziotherapia na muuguzi wana sauti sawa na ya daktari. Na msimpe cheti cha ubingwa daktari yeyote ambaye hajamfuata angalau mgonjwa mmoja wa uti wa mgongo tangu siku ya kulazwa mpaka afike kijijini kwake na kiti mwendo chake.